Mstari Ulioufuta, Ami

Ami Hamisi,

Nyumbani hatujambo. Banda letu la ufundi pale Ukunda bado lipo, ila jirani wa chapati ameusogeza ukuta wake kwetu hatua moja tangu tukuzike, akidhani sitaona. Nimeona. Siku hizi namshuku kila mtu, na leo imefika zamu yako.

Unaikumbuka friji ya chanjo ya ile zahanati ya upande wa Msambweni, tuliyoifungia kompyuta ndogo ya kusoma joto, yenye betri yake? Umeme ulikatika siku mbili, chanjo zikaharibika. Faili ya kompyuta inasema joto lilifika nyuzi kumi na moja. Daftari la muuguzi, Mwanatumu, linasema nne. Asubuhi nne, jioni nne. Wakubwa wake wamemsimamisha kazi, ati anajaza daftari akiwa kwake kitandani. Yeye anaapa aliandika alichokiona kwenye kioo cha kompyuta hiyo.

Nami sikumwamini. Joto halina adabu ya kukaa nne siku mbili. Nikamshuku na mlinzi kwamba anainyonya betri yetu, kwa kuwa simu yake huwa imejaa chaji hata umeme ukikatika.

Nikaenda na kompyuta yangu. Nilipoichomeka tu kwenye ile ndogo, kioo kikaonyesha joto la kweli. Nilipoichomoa, haikupita saa kikaganda tena. Mashine yenye heshima mbele ya mgeni tu, kama mkwe. Hapo nikawaacha watu, nikafungua kiini cha mfumo, programu inayoendesha mashine nzima, pale ulipoandika kwa mkono wako.

Ukurasa mmoja wa kumbukumbu uliupa anwani mbili: kwa moja kiini kinaandika joto, kwa nyingine programu ya kioo inasoma. Kwenye bodi mpya ya bandani si neno. Lakini bodi ya zahanati ni ile kuukuu uliyoitoa kwenye king'amuzi kilichokufa. Prosesa yake hutunza nakala kwenye kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka, kwa kufuata anwani, haitambui kwamba anwani hizo mbili ni ukurasa uleule. Ikaweka nakala mbili. Joto jipya likaingia katika moja, kioo kikaendelea kusoma ile nyingine, ya zamani. Kompyuta yangu ilipoiongezea kazi, nakala ya zamani ikasukumwa nje, ukweli ukapita. Faili huandikwa na kiini chenyewe, ndiyo maana haikudanganyika.

Mstari wa kusafisha kache kabla ya kusoma uliuandika, Ami. Kisha ukaufuta, ukaacha maelezo: "Unachelewesha kioo. Bandani inafanya kazi bila huu."

Wewe. Wewe uliyenikataza kumwambia mteja "kwangu inafanya kazi."

Nilitaka kunyamaza. Ningetengeneza kimya kimya na jina lako lingebaki safi. Ila siku ya maziko, baba alisimama uwanjani akaomba kwamba aliyekosewa nawe akusamehe. Wanawake tukajibu ndani kwamba tumesamehe. Mwanatumu alikuwa ubavuni mwangu, akajibu kabla yangu. Alisamehe asichokijua, na msamaha wa namna hiyo nao ukanitia shaka.

Jana nikaenda kwake, nikamweleza yote. Alikuwa akikuna nazi, hakuacha. Nilipomaliza akauliza ni nani hasa aliyemwita mwongo. Nikasema wakubwa wake. Akaendelea kukuna. Nikasema, na mimi.

"Basi marehemu alishapata yake," akasema. "Wewe, Zuhura, bado hujaomba."

Nikaomba. Akanijibu kwamba nimwombe Alhamisi kwenye kikao cha kesi yake, mbele ya hao wakubwa, ndipo atakaponijibu.

Mstari nimeurudisha. Anwani zote mbili nimezipanga upya ziangukie mahali pamoja kwenye kache, ili nakala iwe moja tu. Kioo kinachelewa kidogo. Na kichelewe.

Alhamisi nitasema kosa lilitoka banda letu: wewe ulifuta, nami nikapitisha bila kuijaribu ile bodi kuukuu. Usinune huko uliko. Nakuahidi jina lako nitalitaja mara moja tu. Langu nitalitaja mara mbili.

Lala salama, Ami.

Zuhura wako