Siku Baba Alipopanda Michikichi

Mwamkulu, Jumapili, mwanzoni mwa Desemba 1996

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ndiyo kwanza inakatika. Majaruba ya mpunga yamejaa maji. Nimekaa jikoni, kuni mbichi zinafuka moshi, na moyo wangu mzito.

Leo Baba amepanda michikichi.

Kwa watu wengine hiyo si habari. Kwetu ni kama msiba. Baba na Mama walikimbia Burundi kabla sijazaliwa, na miaka yote hii Baba amepanda vitu vya kuvuna upesi tu: mahindi, maharage, mpunga. Mti wa kusubiri miaka hakuutaka. "Tumwachie nani?" alikuwa akisema. "Sisi tunarudi." Mama naye ana sanduku la bati chini ya kitanda. Nguo zake nzuri zimo humo, hazivaliwi.

Mwezi uliopita akaja mtu aliyevuka ziwa kutoka Burundi. Alikaa kwenye kigoda, akaizungusha kofia yake mikononi muda mrefu, ndipo akasema. Mdogo wake Mama, mama mdogo Konsolata, ameuawa kule Rumonge pamoja na mumewe. Shamba la michikichi la babu, walilokuwa wakilitunza, limechomwa moto.

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani akafunga mlango.

Siku kadhaa baadaye Baba akaniambia, "Dafroza, twende Karema."

Tulipanda lori. Kule kuna mzee anayeotesha miche ya michikichi karibu na ziwa. Baba aliichagua mmoja mmoja, anapapasa majani kama anayepima kitenge. Nami nikamletea mmoja niliouona mzuri. Akautazama, akatikisa kichwa.

"Huu mkindu, mwana wanje," alisema kwa Kirundi chake, yaani mwanangu. "Umejiotea tu. Tazama majani yake, yamekunjwa kama mfereji, yanashika maji. Ya mchikichi yamekunjwa kama paa la nyumba. Maji yanateremka."

Alicheka kidogo. Halafu akageukia ziwa, upande wa kaskazini, nikaona mabega yake yanatikisika. Ni ziwa hilohilo linalofika kwao.

Mama hakuambiwa kitu. Miche tuliificha kwa jirani, imefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa. Leo tulipotoka kanisani, Baba akaenda nayo nyuma ya nyumba akaanza kuchimba. Alikuwa ameshapanda mitatu Mama alipotokea.

"Baba Dafroza, unafanya nini?"

"Napanda."

"Michikichi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukipanda mchikichi hapa, umenizika hapa."

Baba aliegemea jembe. "Mama Dafroza, kule hakuna tena wa kutupokea."

Sijawahi kumsikia Baba akisema hivyo. Hata kwa mzaha.

Mama alisimama kwenye manyunyu, kanga inalowa. Kisha akamnyang'anya jembe, akaufuata mche wa kwanza, akauchimbua. Baba hakumzuia.

"Umeibananisha," alisema, machozi yanamtiririka. "Ikikua itagombania jua. Konsolata asingekubali upande hivi."

Akaubeba ule mche na udongo wake, akaenda nao mbali, karibu na uzio. Akachimba shimo jipya peke yake, akauweka, akakanyagia udongo kwa miguu mitupu. Akarudi kuchukua wa pili. Baba akaokota iliyobaki, akamfuata. Wakapanda pamoja mpaka miche ikaisha.

Walipomaliza, Mama alipiga magoti pale kwenye matope, akalia kwa sauti, akimwita mdogo wake kwa Kirundi. Ndicho kilio tulichokisubiri mwezi mzima. Majirani wakaja, wakadhani habari ya msiba imefika leo.

Labda ni kweli, imefika leo.

Mimi nimezaliwa hapa. Rumonge kwangu ni jina tu, na mama mdogo sikuwahi kumwona, hata sura yake siwezi kuibuni. Naona aibu kuandika hivi, lakini machozi yangu yalikuwa ya hawa wazee wawili waliolowa, si ya marehemu.

Sasa wamekaa barazani. Chakula hawajagusa. Mama ameegemeza kichwa begani kwa Baba, jambo ambalo sijawahi kuliona mbele ya watu.

Mvua ikikatika siku mbili tatu, nitachota maji nikaimwagilie ile miche. Kumlilia mtu nisiyemjua siwezi. Je, kumtunzia mti naweza?