Kengele Ilikuwa Imeshalia

Gi-beom, apa kwanza kwamba hutacheka.

Leo alfajiri, kanisa zima tulipolia "Bwana!" mara tatu na kila mtu akaanza kuomba kwa sauti, nikafumba macho nikamwaga maombi yangu ya vina. Beti kumi na nane! Nimezitunga wiki nzima, nikimwomba Mungu aniambie kama niende chuo cha uchungaji. Wanataka jibu langu Ijumaa.

Mchungaji akagonga kengele, wote wakanyamaza. Mimi sikusikia. SIKUSIKIA! Nilikuwa kwenye ubeti wa saba.

Nikanguruma peke yangu hadi mama shemasi Pyo akanivuta mkono. "Mwanangu, umemaliza, au Mungu akuitikie kiitikio?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mchungaji!

Nikawaka. "Mama, siku arobaini namngoja anijibu!"

"Unamngoja saa ngapi? Mimi nakaa nyuma yako. Ukisema amina tu, huyo, unakimbilia viatu mlangoni."

Unakimbilia viatu! Mbele ya watu wote!

Na ni kweli, ndugu yangu. Hata Biblia naisoma nikiwinda vina.

Sasa niko kwenye ngazi za kanisa. Nimesoma sura ya leo polepole, mara mbili, kisha nikanyamaza nimsikilize. Dakika nne tu, nikakimbilia kalamu. Ndiyo maana nimekuandikia.

Kumbe kelele zote zile ni woga. Gi-beom, itakuwaje akisema nisiende?