Mlango wa Gari la Baba

S.L.P. 41,
Ikonge, Nyamira.
16 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Haron,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Maureen na watoto hawajambo? Na baridi ya huko Minnesota, mmeshaanza kuvaa yale makoti mazito au bado kidogo? Huku tunamshukuru Mungu. Mvua inanyesha kwa adabu, majani chai yanachunika, na goti langu lililokuwa likinisumbua limetulia. Mama ni mzima wa mwili. Habari ya macho yake nitaifikia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Naandika kwa Kiswahili ili Maureen naye asome, maana Ekegusii chake, ingawa anajitahidi, bado ni cha salamu tu.

Unakikumbuka kile kituo cha petroli cha zamani kando ya barabara ya kuja Ikonge, kilichofungwa tukiwa shule ya msingi, popo wakahamia? Bosire wa shangazi amekinunua na kukifufua. Ameweka paa jipya, amepaka kuta rangi nyeupe, na pale palipokuwa na gereji amepanga magari ya kale: Land Rover, Volkswagen ya mgongo wa kobe, na lori la Bedford lililokuwa likibeba majani chai. Ni makumbusho. Watu wanalipa kiingilio waangalie magari ambayo zamani walikuwa wakiyasukuma bure.

Pampu zenyewe ziliuzwa kitambo kwa wanunuzi wa vyuma, kwa hiyo Bosire aliagiza mbili za mawe kutoka Tabaka. Wachongaji walizitengeneza vizuri mno, zikapakwa rangi nyekundu. Sasa watu wa bodaboda wanasimama hapo na kufungua tangi. Nilimwona mmoja akipiga honi mpaka akachoka, halafu akaondoka akitukana huduma.

Sasa nije kwa gari la Baba, ambalo najua ndilo unalosubiri. Tangu Baba afariki, ile Peugeot ilikaa kando ya jikoni juu ya mawe, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Julai mwaka jana Bosire alikuja kuliomba kwa ajili ya makumbusho yake. Mama alikubali kabla mgeni hajamaliza chai. Wiki hiyo daktari wa Kisii alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba mwanga unaopotea haurudi. Mama alisema wazi mbele yetu sote: anataka aone lile gari likiwa safi mara moja tu, kama siku Baba alipoliingiza nyumbani, wakati bado ana macho. Hakuomba kingine.

Baba mdogo Ondieki ndiye aliyekataa. Alisema mali ya marehemu haitoki langoni mpaka mwanawe wa kiume asimame hapo na kuiachilia, na wewe ndiwe wa pekee. Mimi niliyefagia mavi ya kuku ndani ya gari hilo miaka yote, kusimama kwangu hakukuhesabiwa. Ulipopigiwa simu ukasema tungoje Desemba, utakuja ulisukume kwa mikono yako. Mama alifurahi, akasema basi ataona viwili kwa pamoja. Desemba ukakosa ruhusa kazini. Ukasema Aprili. Aprili nayo unajua ilivyokuwa. Siandiki haya ili kukulaumu. Ama tuseme ninakulaumu kidogo. Mimi ni dada yako mkubwa, nani mwingine atakayeifanya kazi hiyo?

Mwezi wa Mei Mama aliamka akasema hangoji tena. Alimwambia Baba mdogo kwamba kama lazima awepo mtoto wa kiume, basi awe yeye, kwani naye ni mtoto wa kiume wa mtu. Mzee alivaa kofia yake akaja akalisukuma gari kutoka nyuma, huku akilalamikia mgongo njia nzima. Mimi nilishika usukani. Kufikia hapo Mama alikuwa akiliona dirisha tu likiwa na mwanga, si kilichoko dirishani. Hatukumwambia kwamba tumechelewa. Alijua mwenyewe.

Bosire alimpa kazi Manasseh, fundi wa bodi wa pale karibu na Daraja Mbili. Ni fundi hodari, sitamsingizia. Makumbusho yalifunguliwa Jumapili iliyopita, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na hakuna wa kwetu ambaye angefika, na Wakatoliki walikuja baada ya misa wakakuta soda zimeisha. Peugeot ilikuwa imewekwa katikati, ikang'aa hata nikajiona mlangoni, na sikupenda nilivyojiona.

Nilimshika Mama mkono nikampeleka. Aligusa taa, akapapasa boneti, akitabasamu. Alipofika mlango wa dereva alipitisha kiganja, akakirudisha, akapandisha, akashusha. Kisha akasimama.

"Yaya," akakataa kwa Ekegusii. "Hili si la mume wangu. Mmenileta kwa gari la nani?"

Bosire akamwambia ni lenyewe, akamsomea na namba. Mama akauliza, kama ni lenyewe, pako wapi pale Baba alipogonga nguzo ya lango akimkimbiza hospitali akakuzae wewe? Manasseh, maskini, akajibu kwa furaha kwamba palikuwa pamebonyea vibaya, lakini yeye alipanyoosha, akajaza, akapiga msasa, na sasa hata malaika hawezi kupaona. Alidhani atashukuriwa.

Nami niliumia sana, Haron, nikuambie ukweli. Mama alingoja alione, macho yakaisha. Na sasa hata mkono haulioni.

Kisha akasema, "Leta nyundo."

Bosire alicheka, halafu akaona anacheka peke yake. Nyundo ililetwa. Mama akaushika mkono wa Manasseh, akauweka mlangoni. "Hapa. Shuka kidogo. Gonga." Fundi akagonga kama anayebisha mlango wa wakwe. "Gonga kama mtu ambaye mke wake anazaa!" Basi akagonga. Rangi ikapasuka, wageni wakasonga mbele, na mchungaji aliyeombwa kufungua kwa sala akabaki na Biblia mkononi akitazama. Mama akapapasa, akaagiza pigo lingine kwa chini, akapapasa tena. Akakilaza kiganja pale palipobonyea, akakiacha.

"Sasa ndilo," akasema.

Watu walipiga makofi. Manasseh alitoka nje kwenda kuvuta pumzi kwenye pampu za mawe. Bosire amesema mlango utabaki hivyo, na ameshaanza kuwaeleza wageni kisa chake huku akikiongeza chumvi. Kwa masimulizi yake ya sasa, wewe ulizaliwa ndani ya gari.

Baba mdogo Ondieki anakusalimu, na mgongo wake pia. Shangazi Nyamusi anauliza kama mnapata mboga za chinsaga huko. Bosire anakukaribisha, anasema wewe utaingia bila kiingilio. Nisalimie sana Maureen, na uwabusu Lavender na Jasper kwa niaba ya shangazi yao.

Jana jioni nilimuuliza Mama niandike nini kwa jina lake. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwambie asinenepe sana huko. Akija nataka nimguse uso, nimjue."

Mungu awalinde nyote, na wakuu wako wa kazi awalainishe mioyo.

Dada yako akupendaye hata akikulaumu,

Orpah