Waliosimama Ng'ambo ya Bwawa

Jumatatu, 4 Machi

Mama Kijana, mwenzangu,

Salamu zikukute mzima, wewe na shemeji hapo kwake. Mimi magoti yananung'unika kama kawaida, lakini chakula kinashuka na usingizi unakuja siku ukitaka. Kifua chako kinaendeleaje? Na shemeji bado anaunguza sufuria akinogewa na hadithi?

Najua kilichokuondoa ni ile meli. Ulisema kati yako na yenyewe mmoja abaki, ukafunga begi kabla sijajibu. Basi nikueleze ilivyoanza, maana siku ile hatukuzungumza, tulirushiana maneno tu.

Walikuja watu karakana, wakataka niwakatie plaiwudi. Nikauliza ya nini. Wakasema ya meli. Nikajua wamelewa. Jumapili nikaenda kuwatazama kule kwenye bwawa la zamani la maji ya mji, na kweli, watu wazima wenye vitambi vyao, kila mmoja na rimoti mkononi, na vimeli vyao vinapishana majini, vinapiga honi, vinafunga gati kwenye ubao. Mwenyekiti wao ni kinyozi. Wanamwita Nahodha, na maishani hajapanda chombo chochote; anasema hata maji ya ndoo yakitikisika humtia kichefuchefu. Yuko pia Bi Waya, fundi redio, ambaye ndiye anayefunga mota na kuchomea nyaya za chama kizima. Mdomo wake unachoma kuliko chuma chake.

Walinipa kiti. Huku tulikohamia hakuna anayejua sisi ni nani, na wao hawakuuliza. Tangu msiba, Mama Kijana, nilikuwa sijakaa na watu wakaongea nami bila kushusha sauti.

Kila mwanachama mpya huchagua meli yake ya kwanza. Walinionyesha picha za meli za mizigo, za vita, za kuvuta nyingine. Mimi nikakaa na penseli, na nilipoinuka, karatasini ilikuwa ni ile ile. Iliyozama na mtoto wetu. Sikuichagua. Nilijikuta nimeichora.

Sasa mkuku umekaa, ule uti wa mgongo wake, na mbavu zote nimezipanga. Usiku huwa naiacha ikitazama dirisha. Asubuhi naikuta inatazama mlango. Sakafu ya chumba imelala upande, najua. Nimeiwekea kabari.

Ni mimi,
Baba yake

Jumanne, 19 Machi

Baba Kijana,

Barua nimeipata. Sisi hapa tunashukuru, kifua kimetulia. Dada anakusalimu, anasema sufuria ni zake na ataziunguza apendavyo.

Unasema mkono wako ndio uliochora. Mkono una mwenyewe. Kile chombo kilimmeza mwanangu, na wewe unakipiga msasa, unakipapasa, unakipaka rangi kipendeze. Mimi sikupewa cha kupapasa. Sikupewa mwili nikauosha, sikupewa hata kiatu. Halafu nirudi nyumbani nikute muuaji amelala mezani, tena kwa kipimo kidogo, kama mtoto mchanga?

Niandikie habari za mvua. Niandikie kama yule jirani amempata mbuzi wake. Ya meli sitaki.

Mama yake

Jumatatu, 3 Juni

Mama Kijana,

Natumaini mu wazima wote. Mimi nilipata homa kidogo ikapita. Mvua ilinyesha, mbuzi alipatikana, alikuwa kwa fundi viatu anakula ngozi.

Sikukuandikia siku zote hizi kwa sababu uliniambia nisikuandikie ya meli, na mimi sina mengine. Leo navunja amri yako. Nina jambo ambalo sina wa kumwambia ila wewe.

Tuliishusha majini mwezi uliopita. Bi Waya alifunga mota mbili na betri, mimi nikaweka vipande vya madini ya risasi chini viipe uzito isiyumbe. Ilikwenda vizuri, sitakuficha, ilikwenda kama inajua njia. Wanachama wote walizima meli zao wakaitazama. Waliitambua, nani asiyeitambua? Nahodha akaniuliza, kwa upole, kwa nini ile. Nikamwambia nilisafiri nayo zamani. Si uongo, ila si jibu.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mama mmoja kwenye ukingo. Ni mshonaji, anashona sare za shule. Alisimama tu. Alirudi tena, akaja na mzee mmoja, halafu wakaja na wengine. Hawapigi makofi. Hawaongei. Meli zingine zikipita wanatazama pembeni, yangu ikishuka wanasogea wote kwa pamoja.

Jumapili hii mshonaji alinifuata. Akaniuliza kama naweza kutengeneza watu. Nikauliza watu gani. Akasema binti zake wawili walipenda kukaa dirisha la nyuma, upande wa jua, yule mkubwa akimsuka mdogo. Akaniomba niwaweke pale.

Ungekataaje, Mama Kijana? Nimewachonga kwa mti wa mpira, ni laini. Sasa kila mtu anakuja na wake. Huyu alisimama karibu na ngazi. Yule alikuwa anapenda kulala juu ya magunia. Karakana yangu imejaa watu wasioongea. Asubuhi nikifungua mlango nawaamkia, mdomo unatangulia kabla ya akili.

Nahodha ameanza kunung'unika kwamba bwawa linageuka makaburi. Lakini jana alikuja kuninyoa bure, na akiwa nyuma yangu na mkasi akaniambia shemeji yake alikuwa anauza karanga sitaha ya chini.

Chumba cha usukani nimekiacha kitupu.

Ni mimi,
Baba yake

Jumanne, 11 Juni

Baba Kijana,

Salamu za afya nitakupa siku nyingine.

Hao watu wanajua wewe ni nani?

Tulihama kwa sababu ya mawe juu ya bati. Tulihama kwa sababu mwanamke mmoja alinitemea mate sokoni, na wenzake wakamwambia ametenda haki. Tume ya uchunguzi ilisimama mbele ya dunia ikasema aliyeshika usukani alikata kona ghafla. Huyo ni wetu. Na wewe unawachongea watoto wao kwa mikono iliyomlea yeye.

Waambie. Waambie wewe, kabla hawajaambiwa na mwingine. Wakijua kwa mlango wa nyuma hawatavunja meli tu.

Mama yake

Jumatatu, 1 Julai

Mama Kijana,

Barua yako niliisoma nimesimama, na sikukaa tena siku hiyo. Ulisema kweli.

Lakini kabla ya kuwaambia nilitaka kujua. Nilikwenda bwawani asubuhi ya katikati ya wiki, peke yangu, na watu wote wa mti nikiwa nimewapanga mahali pao. Nikaizungusha meli polepole, kushoto, kulia. Ikageuka vizuri. Nikaizungusha haraka kidogo. Ikainama, ikarudi. Nilifurahi, nikaanza kusema peke yangu kama kichaa. Halafu nikakata kona ghafla, kama tume ilivyosema.

Ililala ubavu na haikuinuka. Niliingia majini na nguo zangu nikaitoa. Watu wengi walikuwa wamebanduka, wanaelea. Niliwaokota mmoja mmoja, nikawa nawaomba radhi.

Nilitaka meli inikatalie, mke wangu. Nilitaka iseme mtoto wetu amesingiziwa. Haikusema. Alikata kona. Kwa nini alikata, kama aliona kitu mbele, kama usukani ulimshinda, kama alisinzia, hilo meli haijui na mimi sitalijua.

Jumapili walipokusanyika niliwaita karibu. Mshonaji alikuwa mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoroka. Aliniuliza yeye, akiwa anachungulia ndani ya chombo, kwa nini chumba cha usukani hakina mtu.

Nikasema, "Aliyekuwa humo ni mwanangu."

Nikawaeleza nilichofanya asubuhi ile na nilichokiona. Nikawaambia atakayetaka mtu wake amchukue, sitamlaumu. Mzee mmoja alikuja akamtoa mwanawe pale kwenye ngazi, akamtia mfukoni, akaondoka bila kunitazama. Mwingine akafuata. Bi Waya aliweka koleo lake chini.

Mshonaji alibaki. Halafu akasema, "Mweke mwanao. Huwezi kuwaachia binti zangu chombo kisicho na mtu."

Nilikwenda nyumbani nikashika kisu na kipande cha mti. Mama Kijana, sikuweza. Nimewachonga watoto wa watu wote. Wangu simwoni. Kila nikianza inatoka sura yangu.

Ni mimi,
Baba yake

Jumanne, 20 Agosti

Baba Kijana,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimekuwa mzima, ni mkono tu uliogoma. Dada alianza kunifichia kalamu akidhani inaniliza, kumbe sikuwa hata nimeanza.

Usihangaike na sura. Sura hakuna atakayeiona kwa ukubwa huo.

Mchonge alivyokuwa akisimama. Wewe ulikuwa karakana wakati mwingi, mimi ndiye niliyekuwa naye jikoni. Hakusimama kwa miguu miwili hata siku moja. Akiosha vyombo, akipiga mswaki, akinisikiliza nikimfokea, alipandisha mguu wa kulia akauweka kwenye goti la kushoto, kama korongo, na hakuyumba. Nilikuwa namwambia utaanguka. Anasema, "Mama, mimi nimezaliwa na mizani." Kiuno kinaingia ndani kidogo. Kichwa kimeinama upande wa moyo. Shati halijachomekwa, hata wakimpa sare.

Yule mama wa sare, mwambie asante. Mwambie imetoka kwa mama yake Kijana.

Mimi siji. Usiniombe.

Mama yake

Jumatatu, 2 Septemba

Mama Kijana, mwenzangu,

Upo salama? Mimi nipo, ila sijui nikueleze vipi nilivyo.

Nilimchonga kama ulivyosema. Alitoka mara moja, kisu hakikurudi nyuma. Nilipomsimamisha mezani kwa mguu wake mmoja hakuanguka, na mimi nikatoka nje nikaenda kusimama ukutani.

Jana watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Hata yule mzee alirudi. Alimtoa mwanawe mfukoni akamrudisha kwenye ngazi, akasugua kidogo kwa kidole kama anamfuta vumbi. Nikapanga kila mtu, mwisho nikamweka Kijana chumbani mwake. Mshonaji alimtazama mguu, akauliza ndivyo alivyokuwa? Nikasema mama yake anasema ndivyo. Nikampa salamu zako, za Mama Kijana. Aliitikia kwa kichwa.

Halafu wakafanya jambo ambalo hakuna aliyepanga. Nilipowasha mota, waliondoka ukingoni. Walizunguka bwawa lote kwa miguu, wazee kwa watoto, wakaenda kusimama ng'ambo, wakitazama huku. Ndipo nikaelewa. Wamekwenda kupokea wageni wao.

Huku tulibaki mimi, Nahodha na Bi Waya. Nahodha alivua kofia. Nikaipeleka taratibu. Ilikwenda vizuri hadi katikati, kisha ikazima. Nilibonyeza, hakuna. Bi Waya akaninyang'anya rimoti, akatoa betri akaweka tena, akaipiga kwenye kiganja, hakuna. Meli ikaanza kugeuka yenyewe, polepole, ikatupa ubavu. Upepo haukuwepo, maji yalikuwa kama kioo.

Nikamwona mshonaji anashuka hadi maji yakamfika magotini. Aliita, si kwa kelele, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili.

"Kijana. Njoo, mwanangu. Umechelewa."

Mota ikawaka. Naapa kwa chakula ninachokula, rimoti ilikuwa mkononi mwa Bi Waya na kifuniko chake kikiwa wazi, betri iko kiganjani. Meli ilijinyoosha ikaenda moja kwa moja hadi kwake. Hakuiinua. Aliishika tu ubavuni, na wengine wakaingia majini na viatu vyao, kila mmoja akimtafuta wake.

Bi Waya anasema kuna waya ndani ulilegea ukagusa mwingine. Mimi sikubishana naye. Lakini jioni alipokuja kufungua chombo akague, aliketi mbele yake muda mrefu na bisibisi mkononi, kisha akaniambia tukiache kama kilivyo.

Ni mimi,
Baba yake

Jumanne, 10 Septemba

Mume wangu,

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma, nikampa dada akaisoma kwa sauti, nikamnyang'anya tena. Tangu aanze kusoma hadi alipomaliza hakuunguza kitu.

Nitakwambia neno moja. Tangu siku ile sijawahi kumwita. Nimelia, nimeomba, nimemtaja kwa watu, lakini kumwita, kwa kufungua mdomo kama mtu ninayemtaka aje, sijathubutu. Niliogopa asipoitika. Sasa naogopa akiitika.

Mwingine amemwita mwanangu, na amekwenda. Sina wivu. Lakini Kijana ni jina la mtaani. Lile nililompa mimi, siku niliyompakata, hajaitwa nalo.

Ninapanda basi Jumamosi. Usije kunipokea stendi. Jumapili asubuhi ishushe meli majini kama kawaida, na wala usinitafute upande wako.

Mimi nitakuwa ng'ambo.

Mama yake