Kiwanja Kisichouliza

Colleen, niko ndani ya gari.

Si unajua nilikuwa nalinganisha viwanja vya kulenga shabaha? Cha hapa mjini Casper ni safi, ila ukija peke yako hawakukodishi bunduki. Cha bondeni vumbi tupu, lakini hawaulizi kitu.

Leo kaunta ya hapa wamemkatalia bunduki mzee mmoja aliyekuja peke yake. Akanigeukia: "Binti yangu, waambie tumekuja wote." Nikacheka. NIMECHEKA, Colleen!

Nikamwambia, "Nenda bondeni, mzee wangu, kule hawaulizi."

Akanishukuru, akanipa vizibo vyake vya masikio. "Chukua tu, sitavihitaji."

Alipoondoka, dada wa kaunta akaninong'oneza: "Tunawakatalia walio peke yao kwa sababu wengine huja kujiua."

Nimewasha gari, namfuata. Nawapigia wa kiwanja cha bondeni, simu inaita tu. Vizibo vyake bado ninavyo mkononi.