Nilimwita Mpangaji Shemeji, Sasa Anataka Ploti

Mama Kui, nimebaki na wewe tu wa kuuliza.

Mimi ni mtu wa mjengo, nabeba kokoto huko Parklands. Bibi yangu wa ndoa, Kavata, alikufa mwaka jana, akaniachia ploti hapa Riruta na vyumba nne za mabati. Aliuza sukuma wiki miaka mingi akinunua hizo mabati moja moja. Mimi nalala chumba ya mbele, hizo zingine napangisha.

Sasa foreman wetu Kibe akaniambia kanjo, wale askari wa City Hall, wanapita wakiuliza malandlord leseni ya kupangisha, lakini kama ni familia inakaa hapo hakuna kulipa leseni. Sikuuliza mtu mwingine, nikarudi nyumbani nikaita wapangaji nikawaambia mkiulizwa nyinyi ni watu wangu, Caren na Shiku nyinyi ni watoto wa dada yangu, na Nzomo kwa sababu wewe ni Mkamba kama marehemu, wewe ni ndugu yake. Wakacheka. Nzomo akasema, "Sawa, shemeji."

Kanjo walikuja na mzee wa mtaa. Nikawaambia huyu ni shemeji yangu, na Nzomo ndiye aliongea. Alilia, Mama Kui. Alisema sista yake Kavata alikuwa anampikia muthokoi, chakula ya kwao Ukambani. Hata mimi karibu nimuamini. Kanjo wakaenda, mzee akampa pole.

Mwisho wa mwezi nikabisha kwa Caren nikitaka kodi. "Ankoo, utalipisha damu yako?" Shiku alikuwa ndani anacheka. Nzomo hakucheka. Alisema, "Shemeji, hii ploti ni jasho ya sista yangu. Na hamkuzaa. Tugawane." Ameenda kwa mzee wa mtaa, na mzee anasema alinisikia mwenyewe nikimuita shemeji. Jumamosi ni kikao. Nikisema ukweli, kanjo watanirudia. Nikinyamaza, ploti ya bibi yangu imeenda. Nifanye nini?

Kiarie, Riruta

---

Kiarie, pole ya Kavata. Hiyo ndiyo pole yote niko nayo.

Nzomo ni mwizi, lakini mlango ulimfungulia wewe. Na yote ni kwa kuogopa leseni ambayo hata hujui kama unadaiwa. Ulimuuliza nani? Kibe. Kibe anajua simiti. Pengine ungelipa, pengine hizo vyumba zako zingesamehewa. Mimi sijui. Wanaojua wako City Hall, na kuuliza ni bure. Msamaha unaombwa kwa dirisha, bwana, hauibwi.

Kesho usiende mjengo. Shuka tao, ingia City Hall, waambie una vyumba tatu za kupangisha, na wewe mwenyewe unakaa hapo hapo, wakuambie unadaiwa nini. Waambie pia ulidanganya maafisa wao. Wakikutoza, lipa, chukua risiti. Faini itauma halafu iishe. Shemeji wa uongo haishi.

Ukitoka huko, pigia watu wa Kavata, wale wa ukweli. Waje kikao. Nzomo aulizwe mbele yao mama yake Kavata anaitwa nani. Usisaini kitu. Baadaye uende kortini ufuate urithi, kwa sababu naona ploti bado iko kwa jina ya marehemu na wewe umekaa tu. Hao wasichana wape notisi ya maandishi walipe kodi ama wahame, usiwang'olee mlango.

Na Jumamosi, kabla mtu yeyote afungue mdomo, simama useme: nilidanganya. Utaona aibu. Ione. Kavata alijenga na sukuma, mabati moja moja. Wewe uligawa zote kwa neno moja.

Mama Kui