Jembe la Mtani

Saadani, Jumapili

Dada Flavia,

Shikamoo. Mimi mzima. Mkonge tunakata. Huku nyumba chache, nyani wengi kuliko watu. Asali uliyomtumia wifi yako Katarina imefika. Wameila watani.

Dada, Katarina alifariki mwezi uliopita, homa. Nilidhani nitamzika peke yangu, maana Wanyamwezi wenzangu wamesharudi Tabora. Asubuhi nikaona Wazigua wa hapa wanakuja na majembe. Mzee Mhando akaniambia, "Mnyamwezi wewe, babu zako walileta pembe za ndovu huku, wewe unatuletea kazi. Kaa chini. Kaburi la mtani tunachimba sisi." Mkewe akavaa kofia yangu, akaniiga ninavyolia. Nikacheka, dada, na machozi yanatoka.

Najua utasema nirudi Goweko nioe tena, shamba lipo. Sirudi. Shamba limeni nyie. Katarina yuko hapa, na waliomzika wako hapa. Mhando mwenyewe kifua kinamsumbua, na wanawe wako mbali. Nimeshamwambia akifa nitamchimbia mimi, na matusi nimeanza kuyaweka tayari. Kasema nichimbe pana, analala vibaya.

Wasalimie wote.

Mimi mdogo wako,
Eustasi